Sentensi ya Bibi Niliyoiacha

Mama yule aliingia ofisini kwangu Gitega akiwa na sufuria kichwani, imefungwa kwa kitenge kama anayepeleka chakula cha mgonjwa hospitalini. Hakupiga hodi. Aliitua mezani, juu ya insha za wanafunzi nilizokuwa nasahihisha, akafungua kitenge taratibu, akakikunja, akakitia kwapani.

"Wewe ndiye mwalimu wa Wayahudi?"

Nikamwambia ndiyo, ni mimi, ingawa Gitega sina Myahudi hata mmoja ninayemfundisha. Nafundisha habari zao: dini yao, sheria zao, vitabu vyao. Nilikuwa nimeudhika kwa sababu insha zimejikunja, na nadhani sauti yangu ilionyesha.

"Basi iangalie," akasema. "Iangalie vizuri uniambie ina uchafu gani, maana mwanangu amesoma kwako kwamba asile ndani yake."

Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha Tanzania, nikajua ni mmoja wa wale waliorudi. Kule Muyinga, karibu na mpaka, wako wengi: waliondoka wadogo au walizaliwa kambini, wakarudi watu wazima na Kiswahili kinachotufanya sisi wa mjini tuone haya. Alikuwa ametoka Buhinyuza jana yake, akalala Muyinga kwa jamaa, akafika kwangu kabla sijanywa chai.

Nikaiangalia sufuria. Ilikuwa ya bati nzito, ya mikono miwili, kitako kimeungua kwa moshi wa miaka na miaka, lakini ndani ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa. Niliinama nikanusa. Haikuwa na harufu ya kitu chochote. Nikamwambia haina uchafu.

"Najua," akasema, akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

Kabla sijaeleza alichokuja kunidai, lazima niseme mimi ni nani, maana bila hivyo kosa langu halieleweki. Watu huniuliza kila mara imekuwaje binti wa Kiislamu wa Nyamugari, mtaa wa hapa Gitega, akawa mtaalamu wa dini ya Kiyahudi, na huuliza kwa sauti ile ile wanayoulizia habari za ajali. Jibu ni fupi. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na wateja wake wakubwa walikuwa mapadri.

Alishona kanzu zao kuliko fundi yeyote wa mji huu. Siku za Alhamisi nilimsindikiza kuzipeleka, mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimebeba ndogo, yeye kabeba nzito. Wakati mapadri wanajipima, mimi nilingoja maktaba, ambako padri mmoja mzee alikuwa akishika vitabu kama mtu anayeshika mayai. Siku moja kitabu kilikuwa wazi mezani. Maandishi yake yalianzia kulia, kama yetu ya chuo cha Kurani, lakini herufi zilikuwa za mraba, zimekaa kama matofali. Nikamwita baba.

"Baba, hii iko ya chuo?"

"Wapi! Hiyo iko ya Wayahudi. Usishike, we, mikono yako iko na mafuta ya mandazi."

Padri akacheka. Akanionyesha herufi ya kwanza, nikasema jina la ile ya kwetu inayofanana nayo. Akanionyesha ya pili, nikasema tena. Tulipofika ya kumi alikuwa ameacha kucheka. Tangu siku hiyo kila Alhamisi alinifundisha, na mimi nikawa naomba Mungu mapadri wachane kanzu zao mara kwa mara.

Mtaani maneno hayakukosa. Walisema binti wa fundi anafanywa Myahudi, kesho na keshokutwa mtamwona havai hijabu. Jirani mmoja alimfuata baba dukani kumwonya. Baba hakusimamisha hata cherehani.

"Mi nashona kanzu za mapadri miaka makumi mbili," akamjibu, "na bado mi si padri."

Hilo ndilo neno lililonilinda maisha yangu yote, nami nimelirudia mbele ya maimamu, mbele ya maaskofu, na mbele ya marabi wawili huko Ulaya waliotaka kujua nina nia gani. Sijabadili dini. Naswali, nafunga, na nawapenda Wayahudi wa vitabu vyangu kwa ubishi wao. Ni watu wanaoweza kukesha wakihojiana kuhusu yai moja lililotagwa siku ya sikukuu. Mimi mwenyewe ni mbishi. Nilijiona nimefika nyumbani.

Nikasoma Bujumbura, kisha nikapata nafasi Ufaransa, nikakaa huko miaka saba ya baridi. Huko ndiko nilikokosea.

Kila mwanafunzi pale alikuwa amekuja na kitu cha kwao. Mmoja alikuwa na mjomba aliyekuwa rabi, mwingine alikuwa na sinagogi la mji wao wa zamani, mwingine karatasi za babu yake. Mimi nilikuwa na mikono mitupu na cherehani ya baba. Profesa wangu, mtu mwema, aliniuliza mara kwa mara: na kwenu Burundi, hakuna chochote? Swali hilo lilinikera, kwa sababu nilikuwa najiuliza mwenyewe kila siku. Ndipo nikamkumbuka bibi yangu.

Bibi, mama yake mama, aliishi Bukirasazi, mkulima, mwenye ng'ombe wawili waliokuwa na heshima kuliko wajukuu. Kwake maziwa na nyama havikukutana. Ukila nyama leo, maziwa ni kesho. Kibuyu cha maziwa hakikuwekwa karibu na chungu cha nyama, na aliyesahau alifukuzwa jikoni kwa fimbo ya mwiko. Sheria ya Kiyahudi nayo inakataza hivyo hivyo: nyama na maziwa visikutane chunguni, visikutane mezani, na kila kimoja kiwe na vyombo vyake. Nilipoona mambo hayo mawili pamoja, nikadhani nami nimepata changu. Nikapanda ndege likizo ile, nikaenda Bukirasazi na daftari la jalada la kijani.

Bibi alinijibu kila swali huku anachambua maharage. Swali la mwisho nililomuuliza lilikuwa: kwa nini?

"Ni kwa ajili ya ng'ombe, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu. "Anakupa maziwa yake, nawe unayamwagia tumboni juu ya nyama ya mwenzake. Ng'ombe anajua. Ni aibu. Hakuna kingine."

Nikaiandika sentensi yake neno kwa neno. Kisha nikarudi Ufaransa, nikaandika makala, na sentensi ile nikaiacha.

Sikuisahau. Niliiacha. Iliharibu kila kitu, kwa sababu bibi hakuwa anazungumzia Musa wala wana wa Israeli; alikuwa anazungumzia ng'ombe wake wawili. Makala yangu ilisema huenda mila hii ilitufikia zamani sana kutoka kwa Wayahudi, na huenda sisi ni ndugu zao wa mbali. Niliweka "huenda" nyingi kama mtu anayetia chumvi chakula ili kisionekane kimelala. Makala ikapendwa. Nikaalikwa mikutanoni, nikasimama mbele ya watu wenye miwani, nikasimulia habari za bibi yangu wakatikisa vichwa. Kazi niliyonayo leo ilitokana na makala ile. Bibi alifariki bila kujua kwamba alishafanywa shahidi katika kesi isiyo yake.

Na katika nchi hii, kuandika nani ametoka wapi si mchezo. Nilipaswa kulijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Miaka ilivyopita nililijua vizuri sana, nikaacha kuitaja makala ile darasani, nikafundisha mambo mengine, nikajiambia ni ya zamani, nani anaisoma.

Alikuwa anaisoma mkulima mmoja wa Buhinyuza, kwenye simu yake.

"Mtu aliitafsiri Kiswahili," mama akaniambia, sufuria ikiwa bado katikati yetu. "Ikapita kwenye simu za watu. Mwanangu akaisoma mara ya kwanza, akaisoma mara ya pili, akaanza kulia. Aliniambia, Mama, kumbe sisi si watu wa kuokotwa."

Nilimwomba anionyeshe, akatoa simu ndogo iliyopasuka kioo, yenye tafsiri ambayo mwanawe alikuwa amemtumia ili naye asomewe. Katika tafsiri ile, "huenda" zangu zote zilikuwa zimekwisha. Ilianza kwa maneno kwamba profesa wa Gitega amethibitisha. Kwa nukta moja nilifurahi kupata wa kumlaumu. Halafu nikakumbuka daftari la kijani, na furaha ikaniisha.

"Kule walituita Warundi," mama akaendelea. "Tukarudi hapa, wakatuita Watanzania. Kwa hiyo simlaumu. Mtu akiambiwa ana kwao, atakataa? Akaanza kushika Jumamosi, yeye na nyumba chache. Mimi ni Mpentekoste, nikasema haya, Mungu ni mmoja. Lakini baadaye akaja jikoni kwangu, akaiangalia sufuria hii, akasema, Mama, humo mnachanganyika kila kitu, mimi siwezi kula tena."

Akaigonga sufuria kwa kidole.

"Nilipewa kambini, nikiwa na mimba yake. Hatukuwa na nyingine. Humu nimepika uji, maharage, dagaa, nyama siku tuliyojaliwa, maziwa siku tuliyojaliwa. Watoto sita. Hakufa hata mmoja kwa njaa. Sasa ni miezi saba, mwanangu anakaa uani kwangu, ananisalimia asubuhi, ananitekea maji, ananilimia shamba. Chakula changu hakigusi. Anasema, ahsante Mama, nimeshiba. Hiyo ahsante ndiyo inayoniua."

Akaisogeza sufuria kwangu.

"Nina umri, Mwalimu. Sitaki nife mwanangu akiwa hajala tena kwangu. Nimekuja kwako kwa hilo tu."

Nikamwambia nitaandika. Nitaandikia jarida lile nikiri kosa, nitamwandikia mwanawe barua ndefu, kwa Kiswahili, nimweleze kila kitu. Nilishashika kalamu. Ndivyo tulivyo sisi wasomi, tukibanwa tunakimbilia karatasi.

"Wewe uliandika akaacha kula," akasema. "Ukiandika tena ataacha nini? Njoo useme kwa mdomo."

Daftari sikuwa nalo ofisini. Lilikuwa Nyamugari, kwa baba, ndani ya sanduku la bati, chini ya vipande vya vitambaa anavyokataa kutupa. Baba sasa hashoni, macho yamemchoka, lakini cherehani imebaki pale dirishani na kila asubuhi anaifuta vumbi. Mama yule alikaa naye wakanywa chai ya tangawizi huku mimi napekua. Nilipolipata nikamweleza baba yote, na aibu yangu nikamweleza, maana hata yeye nilikuwa nimemficha miaka yote hiyo. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza mteja anayelalamika kwamba bega limekaa upande.

"Ukikata nguo vibaya, donc, unamwita mwenyewe arudi," akasema. "Unamwambia, mi ndiye nilikata vibaya. Huwezi kumuacha anatembea nayo mutaani. Nenda."

Hakunikaripia, na ingekuwa nafuu kama angenikaripia. Nikalala na daftari kitandani.

Kesho yake tukaondoka Gitega kwa gari la kukodi, tukipita Karuzi. Sufuria ilikaa magotini kwangu njia nzima, kwa sababu mama hakumwamini dereva, na dereva hakuacha kuichungulia kwenye kioo.

"Madame, hiyo casserole iko na nini ndani?" akauliza mwishowe.

"Kesi," mama akamjibu.

Buhinyuza tulifika mchana. Uani kwake kulikuwa na nyumba mbili zinazotazamana, ya mama na ya mwanawe, na majiko mawili, kila moja na moshi wake. Katikati, hatua kama kumi na tano. Nilizipima kwa macho nikafikiri, kumbe makala ina urefu wa hatua kumi na tano. Mama alichukua sufuria yake, akaingia jikoni, akawasha moto.

Mwanawe alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mikono ya jembe, kofia ndogo ya kufuma kichwani. Alinipokea kama mtu anayempokea mgeni aliyemwota. Akanifutia kiti kwa shati lake. Aliniita Profesa kila baada ya maneno matatu. Akanionyesha kalenda aliyoichora kwa mkono, sikukuu zote zimewekwa mahali pake, na daftari alilonakili herufi za mraba peke yake, bila mwalimu, kutoka kwenye simu. Herufi zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri kuliko zangu nikiwa na miaka kumi na mmoja, na mimi nilikuwa na padri. Hapo ndipo nilipotaka kuondoka. Ningeweza kumsifu, nikanywa maji, nikarudi Gitega, na yeye angebaki na furaha yake.

Lakini moshi wa jiko la mama ulikuwa unanipiga usoni.

Nikatoa daftari la kijani. Nikamsomea maswali yangu na majibu ya bibi, moja baada ya jingine, na mwisho nikamsomea ile sentensi: ni kwa ajili ya ng'ombe, ng'ombe anajua, ni aibu, hakuna kingine. Nikamwambia kwamba sentensi hiyo haimo kwenye makala. Nikamwambia kwamba kila alichokisoma kuhusu asili yetu nilikijenga juu ya kuiacha, na kwamba sina ushahidi hata kidogo kuwa sisi ni Wayahudi.

Kuku walipita.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Siku unaandika ulijua."

"Siku naandika nilijua. Naomba unisamehe."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikumsukuma. Alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Nilipomwona anaivaa tena nilielewa kwamba sikuja kumvua chochote, na nilishukuru.

"Profesa, nikuambie kitu," akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Bibi yako alishika mila kwa ajili ya ng'ombe wake, sawa. Damu yangu si ya kwao, sawa. Lakini Jumamosi nikiacha jembe, nyumba yangu inatulia. Watoto wananiuliza maswali, nami nawajibu. Hilo hujanipa wewe, na huwezi kulichukua. Mimi nimechagua."

Nikamwambia ni haki yake, na kwamba wapo watu waliochagua hivyo kabla yake, na njia ya kuwafikia ipo, ni ndefu, nitamwonyesha inapoanzia akitaka.

"Basi nijibu swali moja, na usiache sentensi." Akageuka kidogo, akatazama jiko la mama yake. "Myahudi wa kweli, anayeshika sheria. Mama yake akimpa chakula kilichopikwa kwenye sufuria iliyochanganya nyama na maziwa, anakula?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mwiko mkononi. Alikuwa anasikia kila neno. Alikuwa amenileta kutoka Gitega kwa ajili ya jibu hili tu, na uongo mdogo, wa huruma, ulikuwa umeshafika kwenye ulimi wangu. Lakini kuacha maneno ndiko kulikonifikisha pale. Nilimtazama mama nikamwomba radhi kwa macho.

"Hali," nikasema.

Mwiko ulishuka. Mwanawe akainamisha kichwa; hakuwa anafurahia kushinda.

"Lakini sijamaliza," nikasema, nikainua sauti kama ninavyoinua darasani, kwa sababu hasira ilikuwa imenipanda, na ilikuwa ni hasira juu yangu mimi. "Hali, lakini kwanza anauliza. Maisha yangu yote nimesoma vitabu vya watu wale, na hawana kazi nyingine ila kuuliza. Humu kumepikwa nini? Lini? Kilikuwa cha moto au cha baridi? Sufuria ni ya bati au ya udongo? Hakuna mmoja wao anayekataa chakula cha mama yake kwa kukumbuka alichokula utotoni. Wewe uliuliza?"

Alianza kuikunja kalenda yake.

"Tangu siku ile, umeshawahi kumuuliza?"

Alisimama, akazivuka zile hatua kumi na tano polepole, akafika mbele ya mama yake akasimama kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa.

"Mama, humo kuna nini?"

"Maharage."

"Na jana?"

"Jana nilikuwa njiani. Juzi, maharage. Na mboga za lengalenga."

"Na kabla ya hapo?"

Mama aliuweka mwiko juu ya mfuniko.

"Tangu siku uliyokataa," akasema, "sijaweka nyama humu. Sijaweka maziwa, sijaweka samli. Noeli kanisani waligawa nyama, nikampa jirani. Siku mliyochemsha sufuria zenu hapa uani kuzitakasa, mkasema maji yajae mpaka yamwagike pembeni, mimi nilikuwa nimekaa pale nachambua maharage, na masikio yangu hayajafa. Mlipolala mchana nikachemsha yangu, ikamwagika pembeni mpaka moto ukazimika. Sijui kama nilikosea. Kila siku napika, nasema leo atauliza. Unasema ahsante Mama, nimeshiba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Mtu mzima yule akakaa chini, palepale kwenye vumbi la mlango wa jiko, akajifunika uso kwa viganja viwili. Mama yake hakumsogelea. Alirudi ndani, tukasikia anapakua.

Mimi nilibaki kwenye kiti changu kilichofutwa kwa shati, daftari magotini. Nilikuwa nalia na sikujisumbua kuficha. Nilikumbuka alivyoniambia ofisini: iangalie vizuri. Niliiangalia, nikainusa, nikaona haina harufu ya kitu, mimi mtaalamu wa sheria hizo, na sikumuuliza kwa nini.

Alitoka na sahani tatu. Alipofika kwangu nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini hata mimi hakuniambia Gitega.

"Ningekuambia wewe, ungeandika," akasema, akaniwekea ugali.

Mwanawe alinawa mikono. Akasema dua yake fupi kwa lugha ya zile herufi alizojifundisha, akimumunya, na maneno mawili aliyakosea, nami nikanyamaza. Mama alikuwa amesimama juu yake, hakuketi, hakula. Mwanawe alimega tonge, akachovya kwenye maharage, akatia mdomoni. Alitafuna. Alimeza. Mama akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika miezi yote saba, ndipo akavuta mkeka akaketi.

Tulikula. Baadaye mama akanigeukia.

"Mwalimu, na mimi nina swali la hiyo sheria. Dagaa. Siku zile mwanangu na wenzake wakizungumza uani hawakuwataja. Dagaa wako upande gani? Wa nyama au wa maziwa?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya kazi mtu aniulize swali la sheria kwa sababu ana haja ya jibu, na si kwa mtihani. Nikalijibu kwa uangalifu kuliko lolote nililowahi kulijibu.

"Hawana upande, Mama. Samaki wenye magamba si nyama, si maziwa. Wangeweza kuingia humo siku zote."

Alinitazama, akamtazama mwanawe, akaitazama sufuria.

"Kwa hiyo miezi saba nimejinyima dagaa bure."

"Bure, Mama."

Mwanawe alicheka na kulia kwa pamoja, tonge mkononi. "Kesho nitakuletea dagaa, Mama. Nitakwenda sokoni asubuhi."

"Lete leo," akasema.